Mtoto Azaliwaye na Tundu Katika Kiwambo

Neno ngiri si geni kwenu. Kila mmoja wetu amepata kuona mtoto mwenye kitovu kilichotokeza, au mzee ashikaye kinena chake kila akohoapo. Nasi twajua ya kuwa ngiri ni sehemu ya ndani ya mwili ipenyayo mahali palipo dhaifu, ikaenda isipopasa kwenda. Lakini iko ngiri moja isiyoonekana kwa macho wala kushikwa kwa mkono, maana haitokezi nje. Hupanda juu, kutoka tumboni kuingia kifuani. Mtoto huzaliwa nayo. Tena yaweza kumwua siku ile ile ya kuzaliwa kwake, na watu wa nyumbani wasijue kamwe ni kitu gani kilichomwua. Habari za ngiri hiyo, na jinsi madaktari wanavyoitengeneza kwa kupasua na kushona, ndizo tunazotaka kuwasimulia mwezi huu, hasa ninyi mnaokaa Shinyanga na Geita, mahali ambapo njia ya kwenda kwa mpasuaji wa watoto ni ndefu.

KIWAMBO NI NINI

Mkichinja mbuzi na kumpasua, mtaona ndani yake pazia la nyama, jembamba katikati na nene pembeni, litengalo mapafu na moyo upande wa juu, na ini na matumbo upande wa chini. Pazia hilo huitwa kiwambo. Neno lenyewe lajieleza: ni kitu kilichowambwa, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Walakini kiwambo cha mwili hakikai kimya kama ngoma iliyotundikwa ukutani. Tuvutapo pumzi hushuka, kifua kikapata nafasi na hewa ikaingia. Tutoapo pumzi hupanda. Hufanya kazi hiyo mchana na usiku, tukiwa macho na tukiwa usingizini, tangu kilio cha kwanza hata pumzi ya mwisho.

Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, kiwambo hakiumbwi kwa mara moja. Hutengenezwa kwa vipande vikuavyo kutoka pande mbalimbali hata vikutane, na kwa kawaida kazi hiyo huisha kabla ya mwezi wa tatu wa mimba kwisha. Pengine vipande havikutani sawasawa, na hapo hubaki tundu. Mara nyingi tundu liko upande wa kushoto, kwa nyuma. Katika watoto 10 wenye ugonjwa huu, 8 au zaidi huwa nalo upande huo. Kisha matumbo, ambayo wakati ule yanakua upesi, hupenya katika tundu na kupanda kifuani. Yakafuatwa na mfuko wa chakula, na wengu, na pengine kipande cha ini.

Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu au Rwamgasa atalielewa jambo hili kuliko mtu mwingine. Yeye ajua kwamba kuta za duara hushikiliwa kwa matimba, na kwamba matimba yakikosekana upande mmoja, udongo huporomoka na kujaza mahali palipokuwa pa watu kupumulia. Ndivyo matumbo yajazavyo kifua cha mtoto. Lakini iko tofauti moja kubwa, nayo yafaa kukumbukwa, maana habari yote inayofuata inaitegemea. Udongo ukiondolewa katika duara, nafasi ya zamani yaonekana tena vile vile. Pafu la mtoto si hivyo. Pafu lililobanwa tangu miezi ya kwanza ya mimba halikupata nafasi ya kukua. Hubaki dogo, na mishipa yake ya damu huwa myembamba kwa ndani na migumu, damu isipite vyema. Kwa hiyo kuyarudisha matumbo mahali pake hakumpi mtoto mapafu mapya siku ile.

Mtu ataniuliza: Kama hali ni hiyo, mbona mtoto huyu hakufa tumboni? Ni kwa sababu tumboni mtoto hapumui kwa mapafu yake. Mama humpumulia. Hewa njema humfikia kwa damu, kwa njia ya kondo na kitovu. Basi mtoto aweza kukua, akacheza tumboni, akazaliwa kwa miezi yake na uzito wake mwema, na mama asione dalili yoyote mbaya. Hatari huanza mara kitovu kikatwapo.

DALILI ZAKE

Mtoto mwenye ngiri ya kiwambo, mara nyingi, huonyesha taabu katika dakika au saa za kwanza. Hupumua mbio, pua zikipanuka na mbavu zikivutwa ndani. Midomo na ulimi hugeuka rangi ya buluu. Tena iko alama moja ambayo mkunga mwenye macho mazuri aweza kuitambua bila chombo chochote: kifua kimejaa kama pipa, bali tumbo limebonyea. Watoto wachanga wengi huwa na tumbo la mviringo; huyu tumbo lake ni kama mfuko uliotolewa vitu. Na kweli vimetolewa, vimekwenda juu. Daktari akiweka chombo chake cha kusikilizia, husikia mapigo ya moyo upande wa kulia, maana moyo umesukumwa. Na upande wa kushoto, mahali pa kusikia hewa, pengine husikia matumbo yakinguruma. Picha ya eksirei humaliza shaka.

Kila mtoto anapolia, humeza hewa. Hewa hiyo hujaza matumbo yaliyomo kifuani, nayo yakivimba huzidi kulibana pafu na kuusukuma moyo. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa na nafuu kidogo saa ya kwanza aweza kuwa mahututi saa ya tatu.

Wako pia watoto wachache ambao tundu lao ni dogo au matumbo yao yalipanda baadaye. Hao hawana taabu siku ya kuzaliwa. Baada ya wiki, au miezi, au hata miaka, huanza kukohoa, kutapika, kutonenepa, au kupata vichomi vya mara kwa mara. Hupewa dawa za kichomi, wakapata nafuu, wakarudia. Mzazi ambaye mtoto wake ametibiwa kichomi mara tatu au nne kwa upande ule ule wa kifua, haifai achoke. Na aombe kwa adabu mtoto apigwe picha.

WAKO WAPI WATOTO HAWA

Madaktari wa nchi mbalimbali wamehesabu, wakaona ya kuwa ngiri hii hupatikana kwa mtoto mmoja katika watoto 2,500 hata 4,000 wanaozaliwa. Tufanye hesabu kidogo, kama wanafunzi wa shule. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha watu 2,977,608 katika Mkoa wa Geita, na 2,241,299 katika Mkoa wa Shinyanga. Jumla yao ni zaidi ya 5,200,000. Ikiwa kwa kila watu 1,000 huzaliwa watoto 30 tu kwa mwaka, basi huzaliwa watoto 156,000. Tukichukua mtoto mmoja katika 3,000, twapata watoto 52. Yaani katika mikoa hii miwili, yapata mtoto mmoja kila wiki huzaliwa na tundu katika kiwambo.

Sasa ulizeni katika kijiji chenu: ni nani aliyepata kusikia habari za mtoto wa namna hii? Wengi watajibu kwamba hawajasikia. Watoto hawa hawakukosekana. Walizaliwa, wakapumua kwa shida saa chache, wakazikwa. Watu walisema, "Alizaliwa amechoka," au, "Hakuwa na pumzi," na jina la ugonjwa halikuandikwa popote. Hata waandishi wa vitabu vya udaktari walijua jambo hili: hospitali iliyo mbali na wazazi huona wagonjwa wachache wa ngiri hii, tena wale wenye nafuu, kwa kuwa wale wenye hali mbaya hufa kabla ya kufika.

ASIYESTAHILI LAWAMA

Hapa yatupasa kunena wazi. Mtoto akizaliwa mnene na mzuri, kisha akabadilika rangi na kufa kabla ya jogoo kuwika, wako watu wasioweza kuamini kwamba hakuna mkono wa mtu. Huenda kwa mpiga ramli. Na mpiga ramli, ambaye hakumwona mtoto wala kumsikiliza kifua, hutaja bibi kizee wa jirani. Katika mikoa hii ya kwetu, miaka iliyopita, wanawake wazee wengi waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Kumbe macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia chakula cha watoto na wajukuu tangu ujana wao.

Basi sikieni neno hili, mkawaambie na wengine. Tundu la kiwambo lilikuwako miezi sita na zaidi kabla ya mtoto kuzaliwa. Jirani aliyeingia nyumbani jana hakulifanya. Wala mkunga aliyempokea hakulifanya. Wala mama mwenyewe hakulifanya kwa kubeba maji, au kulima, au kula chakula fulani, au kwa kugombana na mkwewe. Katika watoto wengi sababu haijulikani. Katika baadhi yao madaktari wameona kasoro katika chembe za urithi, na kasoro nyingine katika moyo au viungo.

Na kwa kuwa Geita ni nchi ya dhahabu, wako wanaouliza juu ya zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu. Zebaki ni sumu kweli. Moshi wake ukivutwa hudhuru ubongo na mafigo, na mjamzito hapaswi kuwa karibu na mahali inapochomwa, maana hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Lakini haikuthibitishwa kwamba ndiyo iletayo tundu la kiwambo. Basi tuiogope zebaki kwa ubaya wake uliothibitishwa, wala tusiwalaumu wazazi kwa jambo lisilothibitishwa.

SAA YA KWANZA

Mtoto azaliwaye na dalili tulizotaja hutegemea sana yale yatendwayo saa ya kwanza, kabla hajaonwa na mpasuaji. Wauguzi na wakunga wa vituo vya afya na zahanati na wayashike mambo haya.

Mtoto asinyonyeshwe wala kupewa kitu chochote kwa kinywa, maana kila kinachoingia tumboni hujaza kifua. Apitishiwe mpira mwembamba kwa pua au kinywa mpaka katika mfuko wa chakula, na mpira uachwe wazi, uvutwe mara kwa mara kwa bomba la sindano, hewa na maji yatoke. Mpira huo ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini ndio unaozuia matumbo yasivimbe kifuani. Alazwe kichwa na kifua vikiwa juu kidogo, akilalia upande wenye ngiri, ili pafu la upande mzima lipate nafasi. Apewe oksijeni. Awekwe katika joto, maana mtoto mchanga aliyepoa hutumia nguvu zake zote kujipasha moto.

Kuna jambo moja ambalo lahitaji akili. Mtoto asiyepumua kabisa, muuguzi husukuma hewa kwa barakoa na mfuko wa mpira, kama alivyofundishwa, na asisite kumwokoa. Lakini ikiwa mtoto anapumua mwenyewe, au ikiwa yuko mtu ajuaye kupitisha mpira wa kupumulia kooni, ni afadhali barakoa isitumike. Kwa sababu hewa ya barakoa haiendi mapafuni peke yake, bali hushuka na katika mfuko wa chakula. Kwa mtoto mwingine jambo hilo ni dogo. Kwa huyu ni kama kuongeza udongo katika duara lililoporomoka.

SAFARI YA KWENDA KWA MPASUAJI

Kwa watu wa Shinyanga na Geita, hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, iliyo juu ya mlima katika mji wa Mwanza. Ilifunguliwa mwaka 1971, nayo huendeshwa kwa umoja wa Serikali na Maaskofu Katoliki, ikihudumia watu wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2014 madaktari wa huko walitangaza uchunguzi wa watoto wachanga 445 waliolazwa, wakasema karibu 3 katika kila 10 walikuwa na kasoro ya kuzaliwa ya namna moja au nyingine. Hesabu hiyo haina maana kwamba watoto 3 katika kila 10 wa nchi yetu huzaliwa na kasoro. Ina maana kwamba wenye kasoro ndio wanaopelekwa huko. Katika Mkoa wa Geita iko pia hospitali ya kanda ya Chato, iliyo mpya.

Kutoka mjini Shinyanga hata Mwanza ni zaidi ya kilometa 150. Kutoka mjini Geita ni zaidi ya kilometa 100, na zamani safari hiyo ilikuwa na kizuizi chake: maji ya ghuba kati ya Busisi na Kigongo. Gari la wagonjwa lilifika ukingoni, likangoja pantoni pamoja na mabasi na malori. Mtu mzima aliyevunjika mguu aweza kungoja. Mtoto wa saa tano asiyepata pumzi hawezi. Tarehe 19 Juni, 2025, daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa yapata kilometa 3, lilifunguliwa, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Wengi hulisifu daraja hilo kwa ajili ya biashara ya samaki na dhahabu. Na lisifiwe pia kwa ajili ya wagonjwa.

Liko na jambo jingine la kujua. Mpango uitwao m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na katika Mkoa wa Shinyanga, na kisha ukatangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022, hutafuta chombo cha kumchukua mama mwenye hatari ya uzazi au mtoto mchanga. Simu hupigwa namba 115, bila malipo. Mahali pasipo na gari la wagonjwa, huitwa dereva wa karibu aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa na mpango. Kila mwalimu na aandike namba hiyo ubaoni, na kila baba na aiandike juu ya mlango wa nyumba yake.

Lakini safari iliyo njema kuliko zote ni ile ambayo mtoto huisafiri akiwa bado tumboni. Picha ya altrasaundi, ikipigwa kwa uangalifu katika mwezi wa tano wa mimba, yaweza kuonyesha mfuko wa chakula ukiwa kando ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha hiyo mara moja kabla ya wiki 24. Mama akijulikana mapema, hupangiwa kuzalia karibu na wapasuaji, na mtoto hupokelewa na watu waliokwisha kutayarisha kila chombo. Wale mnaochelewa kwenda kliniki mpaka tumbo liwe kubwa, fikirini jambo hili.

KUPASUA NA KUSHONA

Ugonjwa huu ulijulikana zamani kwa kupasua maiti. Mwaka 1848 Bochdalek, mwalimu wa elimu ya mwili huko Prague, alieleza tundu la upande wa nyuma, na hata leo tundu hilo huitwa kwa jina lake. Lakini kulijua tundu si kuliziba. Mwaka 1946 daktari Robert Gross wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba amempasua mtoto asiyetimiza saa 24, akamshona, na mtoto akaishi. Habari hiyo iliwatia wapasuaji moyo mkuu. Wakafikiri kwamba shida yote ni matumbo yaliyobana pafu. Kwa hiyo mtoto akiletwa, hata usiku wa manane, walimkimbiza mezani wamshone upesi.

Walakini waliona jambo la kuhuzunisha. Mtoto alishonwa vizuri, akaonekana ana nafuu saa chache, kisha akazidiwa na kufa, ingawa uzi haukukatika wala tundu halikufunguka. Ilipofika miaka ya 1980 wakatambua kwamba adui mkubwa si tundu, bali ni lile pafu dogo na mishipa yake migumu; tena upasuaji wa haraka humchosha mtoto kabla hajazoea kupumua. Ndipo wakageuza desturi yao. Siku hizi mtoto hutulizwa kwanza. Husaidiwa kupumua kwa mashine, kwa upole, bila kuyapuliza mapafu kwa nguvu; damu na moyo hutazamwa; na mpasuaji hungoja mpaka hali iwe imara, siku moja, au mbili, au zaidi.

Enyi wazazi, lishikeni neno hili sana. Daktari asemapo, "Tungoje kwanza," hajampuuza mtoto wenu, wala hangoji mkono upakwe mafuta. Wako watu waliochoka kungoja, wakamtoa mtoto hospitalini wampeleke kwingine. Na njiani mtoto akafa. Kungoja huko ni sehemu ya dawa.

Wakati ukifika, mtoto hulazwa usingizi. Mpasuaji hukata chini ya mbavu za upande wenye tundu. Huyashika matumbo kwa vidole na kuyavuta polepole yashuke, kisha mfuko wa chakula, kisha wengu, ambao huondolewa kwa uangalifu mkubwa kwa kuwa huvuja damu upesi. Hutazama kama uko utando mwembamba uliofunika tundu, na kama uko huuondoa. Kisha huzitafuta kingo za kiwambo. Mara nyingi ukingo wa nyuma umejikunja na kujificha, naye huufungua taratibu. Kama kingo zakutana bila kuvutwa sana, huzishona kwa uzi usiooza mwilini. Kama tundu ni kubwa, huweka kiraka cha kitambaa maalum, kama fundi awekavyo kiraka katika nguo iliyokosa kitambaa. Pafu dogo halipulizwi kwa nguvu lijae. Huachwa likue lenyewe.

Hapo hutokea shida ambayo wengi hawaifikiri. Tumbo la mtoto huyu lilizoea kuwa tupu, nalo ni dogo. Matumbo yakirudi hayana nafasi ya kutosha. Yakisukumwa kwa nguvu, kiwambo husukumwa juu tena na pumzi hukatika. Kwa hiyo pengine mpasuaji hushona ngozi peke yake, au hufunika tumbo kwa kiraka, na kulifunga baada ya siku kadhaa.

Baada ya hayo kazi huwa mikononi mwa wauguzi. Mashine hupunguzwa kidogo kidogo. Maziwa ya mama hutolewa kwa matone, kwa njia ya mpira, mpaka matumbo yaanze kazi yake. Mama hukamua maziwa kila siku ingawa mtoto hajaweza kunyonya, ili yasikauke. Mtoto akirudi nyumbani, na arudishwe kliniki siku aliyoambiwa, hata akiwa mzima: maana tundu laweza kufunguka tena, maziwa huweza kupanda kooni mara kwa mara, na masikio yake yapaswa kupimwa.

WANGAPI HUPONA

Katika nchi tajiri, yapata watoto 7 katika kila 10 wenye ngiri hii huishi. Huko wana mashine za kila namna. Hata wako wapasuaji wawekao baluni ndogo katika koo la mtoto aliye bado tumboni ili mapafu yakue. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kwa watoto wenye hali mbaya sana, walioishi walikuwa 40 katika kila 100 kwa baluni, na 15 bila ya baluni.

Mwaka huo huo gazeti la madaktari liitwalo Lancet lilitangaza hesabu nyingine, iliyokusanywa katika hospitali 264 za nchi 74, juu ya watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za namna 7 za kupasuliwa, ngiri ya kiwambo ikiwa mojawapo. Katika nchi tajiri walikufa karibu 6 katika kila 100. Katika nchi za kipato cha kati walikufa 20. Katika nchi maskini walikufa karibu 40. Tundu ni lile lile, na uzi ni ule ule. Tofauti ni mtoto kufika mapema, na kukuta oksijeni, mashine, mtu wa kumlaza usingizi, na wauguzi wanaokesha. Kwa hiyo msifikiri kwamba kuokoa watoto hawa ni kazi ya mpasuaji peke yake.

MAMBO YA KUFUNDISHA

Walimu na wazee wa vijiji, twawasihi myafundishe haya kwa maneno rahisi:

Kwanza, mjamzito aende kliniki mapema, akapigwe picha kabla ya mwezi wa sita, na azalie kituoni.

Pili, mtoto apumuaye mbio, au mwenye midomo ya buluu, au mwenye kifua kilichojaa na tumbo lililobonyea, asingojwe hata kukuche. Asinyonyeshwe, apelekwe, na simu ipigwe namba 115.

Tatu, baba asiseme, "Niuze kwanza ng'ombe." Sera ya Serikali huwaondolea malipo ya matibabu watoto walio chini ya miaka 5. Zipo gharama za chakula, malazi na nauli za jamaa, wala hatuzifichi. Basi majirani na wachange, kama wachangavyo kwa msiba. Ni afadhali mchango wa safari kuliko mchango wa sanda.

Nne, daktari akisema tungoje, tungoje.

Tano, mtoto akifa, pamoja na juhudi zote, asitafutwe mchawi. Mama yake na atulizwe, asiulizwe alikula nini wala alikwenda wapi. Na aambiwe kweli: kwa wazazi wengi jambo hili halirudii katika mimba inayofuata.

Wako katika vijiji vyetu wengi wasiojua kusoma, na hasa wakunga wazee na akina mama wachanga ndio wanaohitaji habari hizi. Basi kila asomaye na amsomee mwenzake, jioni, watu wakiwa wamekusanyika.